Sufuria la Shaba, Mokua, na Majembe Sita

Migori, 14 Januari 2025

Kwa Bi Bochaberi,
Karani Mstaafu wa Ardhi, Homa Bay

Asalaam aleikum, au Bwana asifiwe, chagua unayoitikia.

Mimi ni Suleman Mohammad Suhail, yule wa magodoro na viti vya plastiki hapa mjini Migori. Ukipita barabara kuu huwezi kunikosa. Karani wa wakili wangu ameniambia kwamba hakuna jalada la shamba, tangu enzi za Nyanza Kusini, ambalo wewe hulijui kwa sura. Akasema pia kwamba hupokei simu. Sikumwamini. Nimekupigia mara tisa, sasa namwamini.

Shida yangu ni hii. Mwaka huu, Mungu akipenda, nakwenda Hija. Nimeshalipa, nimeshachanjwa, ihramu nimeshanunua. Kabla mtu hajasafiri sharti aombe radhi kwa kila aliyemkosea, nami nimezunguka mji mzima nikiomba. Nimemwomba hata kinyozi niliyemuuzia godoro la inchi nne nikimwapia kuwa ni sita. Nikadhani nimemaliza. Kumbe mama yangu, Bi Sainab, ambaye ana miaka themanini na minne na hasahau kitu isipokuwa miwani yake, alikuwa ananingojea. Akafungua kasha la bati, akatoa wasia wa Suhail bin Mohammad, baba wa babu yangu, akaniambia, "Na huyu Mokua je? Huwezi kuzunguka Kaaba na mtu mgongoni."

Suhail alikuwa mkulima mkubwa sana kule Sori, kando ya ziwa. Alitoka pwani na misafara, akalima mtama na mahindi. Alikuwa na wasaidizi. Mokua alikuwa mmoja wao. Naomba unitafutie kizazi chake katika majalada ya ardhi na mirathi, nikawaombe radhi, nipate kusafiri. Mama ameishika pasipoti yangu. Ameitia kifuani na mimi siwezi kuifuata huko.

Nakala ya wasia imo ndani ya bahasha. Maandishi yalikuwa ya Kiarabu, maalim ameyageuza kwa herufi hizi zetu. Fanya haraka tafadhali, Mfungo unakaribia.

Wako,
Suleman

*

KUMB: SUL/1
Homa Bay, 20 Januari 2025

Bwana Suleman,

Barua yako imefika, imepigwa muhuri na kufunguliwa jalada. Muhuri ni wangu mwenyewe. Simu sipokei kwa sababu simu haina faili. Nimefanya kazi ya ardhi miaka thelathini na moja, na sijamwona mtu aliyeshinda kesi kwa kusema "lakini tuliongea."

Kuhusu saa za kazi, mimi ni Msabato. Sishiki kalamu tangu jua la Ijumaa lizame mpaka la Jumamosi lizame. Wewe Ijumaa adhuhuri unafunga duka, na Jumapili ofisi zimefungwa. Basi hiyo haraka yako haina siku za kutosha.

Wasia nimeusoma mara mbili. Neno msaidizi sikuliona. Mstari wa saba unasema hivi: "Mwanangu Mohammad apewe punda mweupe, sufuria la shaba, Mokua, na majembe sita." Kwa uzoefu wangu msaidizi haandikwi katikati ya sufuria na majembe. Naomba unisahihishie neno hilo ili jalada lianze vizuri.

Pia unijibu kwa maandishi: ukiwapata watu wa Mokua, utawaambia nini? Na je, una nia yoyote juu ya ardhi ya Sori?

Bochaberi
Karani Mstaafu

*

Homa Bay, 20 Januari 2025

Ndugu yangu Elkana,

Kaa chini kabla hujasoma. Kama umekaa, simama kwanza uangalie kama Shangazi Marcella yuko karibu, kisha ukae tena.

Mwenye jina amejitokeza. Watu wa Suhail wako hai, wako Migori, wanauza magodoro. Mmoja wao anatafuta watoto wa Mokua, na kati ya watu wote wa Kenya hii kazi hiyo amenipa mimi. Nilipoliona jina la babu kwenye wasia, pale katikati ya sufuria na majembe, niliikunja karatasi nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Hali ya shamba unaijua. Kamati ya kupima ilipopita mwaka wa sabini na tatu, waliwauliza majirani, "Hapa ni kwa nani?" Majirani wakajibu walivyozoea, "Ka Suhail," kwa sababu huko kwetu boma huitwa kwa jina la aliyelianzisha, hata kama amekufa na watu wake wote wamehama. Siku hiyo baba alikuwa amelazwa hospitalini. Basi karani akaandika: mwenye shamba, Suhail Mohammad. Mtu aliyekuwa kaburini karibu miaka sabini akapata ekari sita, na sisi tunaozilima hatuna hata mstari. Mimi mwenyewe nimekaa na kadi ya shamba hilo kwenye kabati la ofisi miaka yote ya kazi, nikiomba asije mtu kuiulizia.

Huyu bwana akijua, sheria iko upande wake. Anasema anataka radhi. Nimewaona wengi waliokuja ofisini wakitaka radhi wakaondoka na shamba. Mgeni akifika hapo, wewe si wewe. Mwambie na Shangazi anyamaze, ingawa najua hiyo ni kazi bure.

Nakuandikia Kiswahili kama baba alivyotufunza: barua ni Kiswahili, ugomvi ni Kijaluo, majina ni Kikisii.

Dada yako,
Bochaberi

*

Migori, 29 Januari 2025

Madam Bochaberi,

Ule muhuri wako umetutisha. Mke wangu Hibo alidhani ni barua ya kodi, akaificha chini ya godoro la maonyesho siku mbili nzima.

Kuhusu neno, tuandike "vijana wa shamba." Kama hulipendi, andika "watu wa nyumbani." Marehemu bibi yangu alikuwa akisimulia kwamba Mokua alikuwa kama mtoto wa nyumba ile, wakila sufuria moja. Sioni kwa nini tulikoroge jambo lililokuwa limetulia.

Nitawaambia nini? Nimeandaa hotuba. Inaanza na shairi. Na ardhi gani unayoniuliza? Sisi Sori hatuna hata kichaka cha kufungia mbuzi. Mimi nataka radhi tu.

Halafu nimewaza. Wewe kwa jina ni Mkisii, na Mokua ni jina la Kikisii. Hao watu kweli huwajui? Usipoharakisha, Jumanne nakwenda Sori mwenyewe.

Suleman

*

KUMB: SUL/2
Homa Bay, 31 Januari 2025

Bwana Suleman,

Wakisii ni wengi. Akina Mokua peke yao ni wengi kuliko magodoro yako.

Usiende Sori. Ukisimama sokoni kuuliza watumwa wa fulani wako wapi, hakuna atakayenyosha mkono. Huku mtu akikubali kwamba babu yake aliletwa, kesho jirani anamuuliza amekaa hapo kwa ruhusa ya nani, na kesho kutwa anasogeza ua. Ngoja nifanye kazi yangu.

Jua linakaribia kuzama, naweka kalamu chini.

Bochaberi

*

Migori, 6 Februari 2025

Madam Bochaberi,

Barua yako ya kunizuia nimeikuta mezani niliporudi.

Sori nilifika saa nne asubuhi. Nilipanda juu ya kreti ya soda pale sokoni nikaisoma hotuba yote pamoja na shairi. Watu walinisikiliza kwa heshima. Nilipowaomba watu wa Mokua wajitokeze, wote wakaanza kuangalia ziwa. Mama mmoja muuza samaki wa omena aliniuliza kama nagombea udiwani. Mwingine akasema yeye si wa Mokua, lakini kama kuna mbuzi anaweza kufikiria.

Nikaelekezwa boma moja linaloitwa, usishangae, Ka Suhail! Jina la babu yangu bado linatajwa! Hapo nikamkuta mwanamume muungwana sana, mkulima wa nyanya, jina lake Jacktone. Aliniambia kwa masikitiko kwamba watu wote wa Mokua waliisha kwa ndui zamani, hakubaki hata wa kumzika mwenzake. Nikatokwa na machozi, kweli nakwambia. Jikoni kulikuwa na bikizee akiita kwa ukali, "Elkana! Elkana!" Jacktone akanieleza kwamba Elkana ni mbwa wao. Huyo mbwa sikumwona, na hakuitika. Adhuhuri ilipoingia Jacktone alinitandikia mkeka penye kivuli, kando ya mawe yaliyopangwa vizuri, nikaswali. Nilipoondoka alinipa ndoo nzima ya nyanya akakataa hata shilingi.

Basi nimemwambia mama kwamba kazi imekwisha. Mama anasema ndui haiwezi kumaliza watu wote, maana sharti abaki mmoja wa kusimulia kwamba wameisha. Pasipoti hajatoa.

Suleman

*

Sori, 9 Februari 2025

Dada Bochaberi,

Yawa! Hiyo mtu yako imekuja. Nilikuwa kwa nyanya nikaona kanzu nyeupe inaingia kwa geti, nikasema haya, ndio hiyo sasa. Akaniuliza jina. Jina yangu yote ikapotea kwa kichwa, nikasema Jacktone, ile ya fundi wa baiskeli. Sasa Shangazi naye akaanza kuniita kwa jikoni, Elkana, Elkana, maji imechemka. Ungekuwa mimi ungesema nini? Nilisema ni mbwa.

Shangazi alisikia. Tangu hiyo siku ananiwekea chakula chini kwa mlango, anagonga sahani na mwiko anasema, "Kuja, Elkana, kuja." Watoto wa jirani wameanza kunipigia mluzi.

Lakini dada, acha nikwambie ukweli. Hiyo mzee alilia. Nilimdanganya ati watu wameisha, na yeye akalilia watu hata hajui. Na ile mahali ya kivuli nilimpea aombee, ni kando ya kaburi ya Mokua. Sikupanga. Hapo ndio kulikuwa na kivuli. Akainama mpaka uso ukagusa chini, kitukuu ya Suhail, na babu yetu amelala hapo kando yake. Shangazi alitoka jikoni akamwona. Jioni ndio akasema, "Huyo anaomba vizuri. Lakini hajui anaomba wapi."

Mimi naogopa shamba iende. Lakini pia naona haya.

Ndugu yako,
Elkana

*

Migori, 10 Machi 2025

Madam Bochaberi,

Shangwe, Madam, shangwe! Kwa kuwa umenikalia kimya mwezi mzima, nilimtuma karani wa wakili akaangalie ofisi ya ardhi lile boma la Ka Suhail ni la nani. Kumbe ni letu! Ekari sita zinazotazama ziwa, na mwenye shamba ameandikwa Suhail Mohammad, jina kamili, wino mweusi. Miaka yako thelathini na moja, kadi hiyo hukuiona? Ni macho ya uzeeni, nimekusamehe, huu ni mwezi wa Ramadhani.

Nimeshapanga. Nyumba ya wageni, vyumba kumi na viwili, na magodoro ninayo mwenyewe. Binti yangu Sumeya ameshachora ramani. Yule Jacktone nadhani alikaa pale kwa kukosa pa kwenda. Sitamfukuza, mimi si mtu mbaya. Nitamwajiri. Alime bustani, afungue geti, na yule bikizee awe anapika. Watakula hapo hapo jikoni. Ni watu wazuri wa kazi.

Nisaidie makaratasi ya mirathi tafadhali. Ile radhi tutaitafuta baadaye, maana kizazi chenyewe kimekwisha.

Suleman

*

KUMB: SUL/3
Homa Bay, 13 Machi 2025

Bwana Suleman,

Macho yangu ni mazima. Kadi hiyo nimeijua tangu mwaka wa 1989, juma langu la kwanza kazini.

Jacktone ni Elkana. Elkana si mbwa, ni ndugu yangu wa tumbo moja. Bikizee wa jikoni ni Shangazi yetu Marcella, mjukuu wa Mokua. Mimi na Elkana ni vitukuu wake. Mawe uliyoswali kando yake ni kaburi lake. Sisi ndio ulioniajiri kututafuta, na nilikuwa nimekaa nyumbani nikikutumia barua zenye muhuri.

Nilikudanganya kwa kunyamaza, nami naliandika hilo ili libaki kwenye jalada. Nilikuogopa. Shamba liliandikwa kwa jina la babu yako kwa sababu majirani walilitaja boma kama linavyoitwa, na tangu hapo familia yetu yote inalala kwenye ardhi ya marehemu wenu. Nilikuuliza kwa maandishi kama una nia juu ya ardhi, ukanijibu "ardhi gani." Barua hiyo ninayo. Ya juzi pia ninayo. Nimezilaza mezani kando kwa kando na sijui ni ipi ya Suleman.

Kisheria una haki, na hilo pia sitakuficha. Nenda mahakamani na wasia wako, utapewa. Ila soma tena ulichoandika. Mmoja alime, mwingine apike, na wale jikoni. Umeanza tena kuwa na wasaidizi, Bwana Suleman, na Makka bado hujafika.

Na ile habari ya kula sufuria moja nimemuuliza Shangazi, ambaye alimjua Mokua kwa macho na kukaa magotini pake. Anasema ni kweli kabisa. Mokua aliuzwa na baba yake mwaka wa njaa kwa vikapu viwili vya mtama, akiwa mtoto wa miaka minane. Akakaa kwenu mpaka serikali ilipokataza utumwa; ninyi mkahama, yeye akabaki akililima shamba. Sufuria lilikuwa moja. Wao walikula wali, yeye akala ukoko.

Bochaberi

*

Migori, 19 Machi 2025

Dada Bochaberi,

Barua yako ilifika saa ya kufuturu. Nilidhani ni makaratasi ya mirathi, nikaisoma kwa sauti mbele ya nyumba nzima ili nijivune. Nilipofika kwenye ukoko niliiweka barua chini. Mama akainuka kwa shida zake zote, akaiondoa sahani yangu ya futari, akaniwekea tende moja na wasia. Leo ni siku ya tatu nafuturu hivyo. Hibo na Sumeya wanaogopa hata kunipitishia uji.

Neno ulilolitaka ni hili. Mokua alikuwa mtumwa. Alikuwa mtumwa wa Suhail, baba wa babu yangu, aliyemnunua mtoto kwa mtama kisha akamwandika baada ya sufuria. Kabla ya kuliandika hapa nimelijaribu nyuma ya risiti za duka mara nne. Naona haya, Dada. Nimeona haya kwa jambo la zamani, na kwa lile la vyumba kumi na viwili nimeona zaidi.

Shamba sitaki. Jaza makaratasi ya mirathi, lakini yakishapita kwa jina langu, siku hiyo hiyo yatoke yaende kwa Shangazi na Elkana. Nitatia sahihi popote utakapoweka kidole. Ramani ya Sumeya tumeifungia sambusa.

Mama anasema nisichanganye shamba na radhi. Kumrudishia mtu kilicho chake si zawadi. Kwa hiyo radhi naiomba peke yake, na bila shairi. Uniambie nije lini, au kama nisije.

Mwambie Elkana kwamba nyanya zake zilikuwa tamu. Nilimpa mama akala zote.

Suleman

*

Sori, 2 Aprili 2025

Kwa Mzee Suleman,

Mimi ndio ile mbwa. Pole kwa ile uongo ya ndui. Fundi Jacktone pia anasema pole, ingawa yeye hajafanya kitu.

Shangazi ameniambia niandike vile anasema yeye, nisiongeze na nisipunguze. Anasema hivi: "Sufuria bado iko? Kama iko, ailete. Mokua na sufuria waliandikwa mstari moja. Mmoja tuko naye hapa chini ya mawe, mwingine mko naye huko mnapikia harusi. Nataka kuiona. Aje na mchele, na apike yeye mwenyewe. Bibi yake asiguse, msichana wake asiguse. Apakue yeye, aanze na sisi. Yeye akule ya mwisho."

Nikasema, Shangazi, hii ni mtu ya magodoro, kupika hajui. Akasema, "Atajua."

Kuja Jumapili ya tarehe kumi na tatu. Jumamosi dada yangu hashiki hata kijiko. Ukuje pia na shati ya kubadilisha.

Elkana (mtu)

*

Migori, 15 Aprili 2025

Dada Bochaberi,

Ulikuwepo, ulijionea, lakini nakuandikia kwa sababu najua unataka liingie kwenye jalada. Anayeandika ni Sumeya, mimi mkono wa kulia umefungwa bandeji.

Sikujua kwamba kilo kumi za mchele zina hasira namna ile. Nilidhani moto ukiwa mkubwa chakula kinaiva mapema, kama vile mtu ukimlipa vizuri anafanya haraka. Yule jirani aliyekuja mbio na ndoo ya maji umwambie asante, maji yake ndiyo yaliyookoa kanzu. Na Shangazi ameketi pale kwenye kiti cha plastiki nilichomletea, kila nikigeuka kumtazama ananionyesha kwa fimbo, koroga.

Pilau juu lilikuwa bichi, chini lilikuwa mkaa. Katikati nilipata kama sahani sita zinazolika, nikawapakulia ninyi, nikianza na Shangazi, kisha Elkana, kisha wewe. Nikabaki na ukoko. Ulikuwa mwingi, kwa hiyo nilikula sana. Hukusikia alichoniuliza Shangazi wakati ule, ulikuwa unanawa mikono. Alisogeza kiti akaniuliza, "Ni tamu?" Nikamwambia, "Ni chungu, Shangazi." Akasema, "Na wewe umekula siku moja."

Baadaye alisinzia, na neno lenyewe la radhi hakulisema. Sikuthubutu kumwamsha. Lile sufuria la shaba nililolileta lilikuwa limekumbatiwa na miguu yake miwili, nalo pia sikuthubutu kulichukua. Nimerudi nyumbani mikono mitupu, na mama ameniuliza, "Amekusamehe?" Nikamwambia sijui, ila sufuria amebaki nalo. Mama alicheka mpaka akakohoa, akaingiza mkono kifuani akanipa pasipoti.

Yeye ameelewa kitu ambacho mimi sijakielewa. Nitasafiri, Dada, lakini neno sikulisikia, na linaniuma.

Suleman

*

KUMB: SUL/11
Homa Bay, 17 Novemba 2025

Alhaji Suleman,

Asante tena kwa maji ya Zamzam na tende ulizotuletea kutoka Hija. Shangazi anasema tende moja haimtoshi mtu, hata kama mama yako ana maoni mengine.

Kwanza ya kazi. Hati imetoka Ijumaa, saa tatu kabla jua halijazama. Ekari sita, Sori, majina mawili: Marcella Kerosi na Elkana Kerosi. Elkana ameitembeza kijiji kizima ndani ya karatasi ya nailoni, na wale watoto wameacha kumpigia mluzi. Boma bado linaitwa Ka Suhail. Nilipendekeza tulibadilishe, Shangazi akasema jina ni la boma, hati ni ya kwetu, na kwamba nimeshinda sana ofisini.

Sasa la pili. Jana aliniita nije na kalamu na muhuri. Akasema kwa kuwa sasa ana kitu, naye anataka kuandika wasia kama watu wenye vitu. Nikakaa chini yeye akisema. Sehemu yake ya shamba apewe Elkana, pamoja na ng'ombe wawili. Kitanda nipewe mimi. Kiti cha plastiki apewe jirani wa ndoo. Sufuria la shaba lirudi Migori kwa Suleman, siku yeye akishaondoka na wala si kabla, kwa sababu bado anapikia.

Nikiwa kwenye mstari huo huo, nikakumbuka kwamba kila barua uliyoniandikia tangu Juni inauliza juu ya lile neno. Nikamuuliza, "Na Suleman mwenyewe, Shangazi? Kuna jambo nimwandike?"

Akanitazama kama karani mpya. "Humo usimwandike," akasema. "Huyo ni mtu. Mtu haandikwi na masufuria. Mtu anaalikwa."

Kwa hiyo umealikwa Jumapili hii, wewe na Hibo na Sumeya, na mama yako kama miguu inamruhusu. Anapika Shangazi mwenyewe. Amesema uwahi, amekuwekea wali wa juu.

Dada yako,
Bochaberi